Mafuta Gani? Istilahi za Kutunza Stesheniwagoni Kuukuu

Mwenye Peugeot 504 ya stesheniwagoni leo hii hana budi kuwa nusu fundi. Aina ya 504 ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na katika barabara za Afrika Mashariki gari hili refu, ambalo watu waliliita Pijo, lilibeba abiria na mizigo yao kwa miaka mingi. Yaliyosalia ni makuukuu. Wenyewe huyatengeneza uani, kitabu cha mwongozo cha lugha ya kigeni kikiwa kimefunguliwa juu ya boneti. Hapo ndipo kazi ya istilahi inapoingia, maana neno lisilobainishwa vema laweza kuua.

Tuanze na neno mafuta. Kiswahili hulitumia kwa petroli, kwa dizeli, kwa ya taa, ya kupikia, ya kujipaka, ya kulainishia injini, na hata kwa kile kinachotiwa katika kichupa cha breki. Jikoni hakuna hasara, lakini katika gari ipo. Kinachoitwa mafuta ya breki katika gari hili si mafuta kabisa, bali ni kiowevu cha jamii ya glaikoli. Mtu akiambiwa tu aongeze mafuta, akatwaa kopo la oili ya injini lililo karibu, mipira iliyomo ndani ya masta silinda na silinda za magurudumu huvimba. Breki zaweza kung'ang'ania au kukataa kabisa, na kuusafisha mfumo peke yake hakutoshi: mipira nayo haina budi kubadilishwa.

Zaidi ya hayo, kiowevu hiki hufyonza unyevu wa hewani. Kwa kipimo cha daraja la DOT 3, kikiwa kipya hakipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Kikisha kunywa maji, kiwango hicho huruhusiwa kushuka hadi 140. Sasa na tumfikirie dereva atokaye Iringa akiteremka Mlima Kitonga, gari limejaa na mguu hautoki kwenye breki. Kiowevu huchemka, mvuke huingia katika mabomba, na mvuke hubinyika. Pedali huzama hadi sakafuni na gari halisimami. Kwa sababu hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hakijapungua. Neno mafuta haliwezi kumfunza mtu jambo hili; lamdanganya, kwani tangu utotoni ajua kwamba mafuta na maji havichanganyiki.

Maneno mawili yafaa kupimwa hapa: giligili na kiowevu. Giligili lina mvuto wake, nasi twalipenda masikioni. Lakini katika fizikia hujumlisha gesi pia, na gesi ndiyo hasa isiyotakiwa katika mabomba ya breki. Twaegemea kiowevu cha breki. Ama oili, grisi na petroli, mafundi wamekwisha kuyatenga maneno haya wenyewe, kila moja na kazi yake. Wako wasomi wanaokunja uso kwa sababu yametoholewa. Sisi hatuoni sababu ya kuwanyang'anya mafundi upambanuzi walioupata kwa jasho, ili tu tuwarudishe kwenye mafuta.

Mtego wa pili ni maji ya betri. Ndani ya betri mna tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Betri ichajiwapo maji hupungua, tindikali hubaki. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa peke yake. Lakini ukiomba maji ya betri waweza kupewa chupa ya maji hayo, au chupa ya tindikali yenyewe iunguzayo ngozi na macho. Hapa hatuna huruma na mazoea. Yafaa iandikwe maji yaliyokenekwa kwa hayo, na tindikali ya betri kwa hiyo, na maji ya betri yaachwe.

Juu ya jina stesheniwagoni hatutasema mengi. Lilitokana na magari yaliyopokea abiria na mizigo yao kwenye stesheni za reli, na atakayetaka kulifasiri neno kwa neno atapata behewa.

Imebaki springi. Gari hili, tofauti na stesheniwagoni nyingine nyingi za rika lake, halina springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka. Nyuma lina springi nne za kujiviringa, mbili kila upande, kwa ajili ya kuhimili mzigo. Anayeagiza vipuri kwa barua akaandika springi mbili za nyuma, ataletewa nusu ya haja yake. Twapendekeza springi bapa na springi pindo. Shokomzoba libaki lilivyo.