JE, MIAKA MINGI KAZINI INATOSHA ILI TUMCHAGUE MTU?



Mwaka uliopita, siku ya kutafuta kapita wa shule, nilisimama mbele yenu nikasema: «Mnichague mimi, sababu niko hapa tangu miaka tano. Shule hii naijua kila kona.» Watu wakapiga makofi. Kisha mmoja wa wadogo waliofika mwaka ule akanyoosha kidole, akauliza: «Yaya, mu ile miaka tano yote, ulifanyaka nini juu ya maji?»

Wote tunajua shida ya maji ya interna. Mapipa ni mawili, moja lilikuwa linavuja, na asubuhi wadogo walifika nyuma ya wakubwa na kukuta tope tu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, sababu sikuwa na jibu. Nilichaguliwa, ni kweli, lakini lile swali halijaniacha mpaka leo.

Ndiyo maana naandika. Wengi wetu wa mwaka wa mwisho tumefikisha miaka 18, na Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006 inasema kwamba mtu wa miaka 18 ana haki ya kupiga kura. Kila wakati wa kampanye tunaona sura kwenye kuta, numero, tisheti, vitenge, na magari yenye muziki. Mmoja anasema: «Mimi nina uzoefu.» Mwingine anasema: «Mimi ni mtu mpya.» Tutajua namna gani nani wa kufuata?

Nikikamata mfano wa hapa kwetu, tutaanza kugombana juu ya majina, na hatutajifunza kitu. Basi nakamata mfano wa mbali, wa Marekani. Kule matangazo mafupi ya televizio yaliingia katika uchaguzi wa rais mwaka 1952, na neno «uzoefu» limetumiwa mara nyingi. Tena tunaweza kuona mambo yaliishia wapi.

1. Tangazo linafanya kazi namna gani?

Tangazo la kampanye ni maneno na picha ambazo mtu amelipia. Kule mara nyingi ni sekunde 30 tu. Katika sekunde 30 huwezi kueleza bei ya chakula, mambo ya vita, kazi na shule. Kwa hiyo wenye kutengeneza tangazo wanatafuta kitu kimoja kinachoingia moyoni upesi: woga, kicheko, hasira ao tumaini.

Neno «uzoefu» linawafaa sana, sababu ni fupi na linasikika kama ushuhuda. Lakini mtu akikuambia: «Nina miaka 20 kazini», amekupa hesabu ya miaka tu. Hajakuambia bado kama kazi yenyewe ilitoka vizuri. Mpishi anaweza kuunguza ugali miaka 20.

Sheria moja ya Marekani ya mwaka 2002 inamlazimisha mwenye kutafuta urais aseme kwa sauti yake, ndani ya tangazo lake, kwamba amelikubali. Hiyo ni vizuri, sababu tunajua nani amesema. Lakini sheria ile haiwezi kumlazimisha aseme yale aliyoyaacha nje.

2. Mwaka 1960: «Tupe juma moja»

Mwaka 1960 Richard Nixon alitafuta urais. Alikuwa makamu wa rais tangu 1953, chini ya Rais Eisenhower. Kampanye yake ilisimama juu ya neno hili: uzoefu una maana. Mpinzani wake, John Kennedy, alikuwa na miaka 43, na watu wa Nixon walisema kijana huyu hajakomaa. Kumbe Nixon mwenyewe alikuwa na miaka 47 tu, na wote wawili waliingia Bungeni mwezi mmoja, Januari 1947! Hilo tangazo halikulisema.

Basi mwezi wa Agosti mwenye gazeti mmoja akamwuliza Eisenhower ataje wazo moja kubwa la Nixon ambalo yeye rais alilifuata. Eisenhower akajibu kwamba akipewa juma moja, labda atakumbuka moja. Watu wa Kennedy hawakulala. Walikamata kipande kile, wakakifanya tangazo la televizio.

Kennedy alishinda kwa kura zaidi kidogo ya laki moja, kati ya kura karibu milioni 68. Siwezi kusema tangazo lile peke yake lilimwangusha Nixon, sababu kulikuwa mambo mengine mengi. Lakini angalieni swali la yule mwenye gazeti. Ni ndugu ya swali la yule mdogo wetu: katika ile miaka yote, ulifanya nini?

3. Telefone inayolia usiku

Mwaka 1984 Walter Mondale, aliyekuwa makamu wa rais toka 1977 mpaka 1981, alishindana na mseneta Gary Hart ndani ya chama chao. Mondale akatoa tangazo lenye telefone nyekundu inayolia. Maana yake: siku ya hatari, mkono wa nani utashika telefone hii? Mondale akamshinda Hart. Lakini mwezi wa Novemba mwaka ule ule Rais Ronald Reagan alimshinda yeye katika majimbo 49 kati ya 50. Telefone ilimsaidia kwenye mlango wa kwanza. Kwenye mlango wa pili haikumfaa kitu.

Telefone ile ikalia tena mwaka 2008. Hillary Clinton na Barack Obama walikuwa wanashindana ndani ya chama kile kile. Clinton alikuwa mseneta tangu 2001, na mbele ya hapo aliishi miaka minane katika nyumba ya rais kama mke wa rais. Obama aliingia Seneti mwaka 2005 tu. Siku chache mbele ya kura ya Texas na Ohio ya tarehe 4 Machi, tangazo la Clinton likatoka. Ni usiku, watoto wamelala. Saa tisa ya usiku telefone inalia katika nyumba ya rais, kuna jambo limetokea duniani. Sauti inauliza: unataka nani aitike? Mwisho anaonekana Clinton mwenyewe, ameshika telefone.

Jina la Obama halikutajwa hata mara moja. Ndiyo akili ya tangazo lile: linakupa woga, kisha linakuacha umalize hesabu wewe peke yako.

Obama alijibu siku ile ile kwa tangazo lenye picha za namna moja. Hakusema: «Mimi pia nina miaka mingi.» Angesema vile angeshindwa. Alisema neno kubwa si hesabu ya miaka, ni kupima mambo vizuri, na akakumbusha kwamba yeye alikataa vita vya Irak tangu mwanzo. Hapo alimgusa Clinton pahali panapouma, sababu katika Oktoba 2002 Clinton alikuwa Senetini na alipiga kura ya kumruhusu rais aingie katika vita ile. Lakini tuwe wa haki: mwaka ule Obama hakuwa Senetini, na kura ile haikumfikia mkononi.

Clinton alipata kura nyingi zaidi Ohio na Texas, lakini mwishoni chama kilimkamata Obama. Tena kuna jambo moja la kuchekesha. Mmoja wa watoto waliolala katika tangazo lile, picha yake ilikuwa ya zamani, alipigwa akiwa mdogo kwa kazi nyingine kabisa. Mwaka 2008 alikuwa karibu kufikisha miaka 18, na alikuwa upande wa Obama! Mtu wa umri wetu aliona sura yake inamsemea maneno ambayo yeye hakuyakubali. Ninyi wenye kupigwa picha kwenye mikutano juu ya tisheti moja, mfikiri hapo.

Kisha John McCain, aliyekuwa katika Bunge na Seneti tangu 1983, akamshambulia Obama kwa neno lile lile la uzoefu. Lakini mwenyewe akachagua kuwa makamu wake Sarah Palin, ambaye alikuwa gavana wa Alaska kwa muda usiofika miaka miwili. Neno likapoteza nguvu kinywani mwake. Obama alishinda Novemba 2008, akamweka Clinton kuwa waziri wa mambo ya inchi za kigeni toka 2009 mpaka 2013. Yule aliyeuliza nani ataitika telefone, akafanya kazi pamoja na yule aliyeiitika.

4. Je, uzoefu ni bure?

Hapana. Nisieleweke vibaya. Hakuna mtu anayetaka kupasuliwa tumbo na daktari anayeanza leo. Lakini tuangalie marais watatu.

James Buchanan, aliyeingia kazini mwaka 1857, alikuwa amepita kila pahali: Bunge, Seneti, balozi Urusi na Uingereza, waziri wa mambo ya kigeni. Mbele ya yeye kutoka mwaka 1861, majimbo saba yalikuwa yamekwisha kutangaza kujitenga. Wenye kuandika historia wanamhesabu kati ya marais wabaya kabisa.

Aliyemfuata, Abraham Lincoln, alikuwa amekaa katika Bunge la taifa miaka miwili tu, toka 1847 mpaka 1849. Yeye ndiye aliyeshikilia inchi isipasuke, na tarehe 1 Januari 1863 akatangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi.

Wa tatu ni Lyndon Johnson. Alikaa katika Bunge na Seneti toka 1937 mpaka 1961. Uzoefu ule ulimsaidia kweli: alijua kila mtu na kila mlango, na mwaka 1964 sheria kubwa ya haki za watu weusi ikapita. Lakini mtu huyu mmoja ndiye aliyeongeza askari Vietnam mpaka wakapita nusu milioni. Kujua kupitisha sheria hakukumfundisha kuongoza vita.

Kwa hiyo uzoefu si kitu kimoja. Ni wa kazi fulani. Na kuwa mtu mpya pia si sifa: ni karatasi nyeupe tu, haujui bado mtu ataandika nini juu yake.

5. Maswali ya kuuliza

Mtu akija na sura yake kwenye ukuta, muulize hivi:

Ya kwanza: uzoefu wako ni wa kazi gani, na kazi unayoomba ni ile ile?

Ya pili: katika miaka ile ulifanya nini, na nani nje ya wewe anaweza kushuhudia?

Ya tatu: ulikosa wapi, na ulijifunza nini? Mwenye kusema hakukosa kamwe, miaka yake haikumfundisha kitu.

Ya ine: tangazo lako linaacha nini nje?

Na kama anasema ni mtu mpya, muulize: pale ulipokuwa na kazi ndogo, uliishika namna gani?

Nafunga na hesabu yangu mimi, sababu si vizuri kuuliza wengine tu. Pipa lililovuja limezibwa. Zamu ya maji imeandikwa kwenye ukuta, na siku mbili za juma wadogo wanatangulia. Bomba la juu halijatengenezwa. Tulichanga franga, hazikutosha. Nilikosa kwa kungoja miaka tano mpaka mtoto aniulize. Karibu mtachagua kapita mpya. Wengine watasimama na kusema wako hapa tangu zamani. Muwapigie makofi, hakuna ubaya. Kisha mmoja wenu anyooshe kidole.

Kapita wenu, mwaka wa mwisho