Je, Wajua? Kuvuka kwa Miguu, Kuanzia Goweko

Je, wajua kwamba njia ya kati ya misafara kwenda Tabora, upande ambako leo treni hupita stesheni ya Goweko, ilikuwa ya waenda kwa miguu kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912? Misafara ilitembea kwa mstari mmoja, kirangozi, yaani kiongozi wa njia, akiwa mbele na bendera yake.

Je, wajua kwamba taa za kwanza za kuongozea magari barabarani zilibuniwa na mhandisi wa reli? J. P. Knight alizisimamisha karibu na Bunge la Uingereza, London, Desemba 1868, ili watu wavuke salama. Mchana mikono ya ishara ilipanda na kushuka kama ya stesheni. Usiku iliwaka gesi, nyekundu na kijani. Januari 1869 gesi ililipuka, askari aliyezisimamia akajeruhiwa.

Je, wajua kwamba wahandisi wengi hukadiria mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde? Barabara ya mita 12 basi huvukwa kwa sekunde 10. Bibi mwenye mkongojo, akienda mita 0.8, anahitaji 15. Taa ikipimwa kwa mwendo wa kijana, bibi anaachwa katikati ya magari, na hilo ni kosa la aliyepima, si la bibi. Kisiwa katikati ya barabara humpa mahali pa kupumua, avuke upande mmoja kwanza.

Je, wajua kwamba gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kikomo cha maeneo ya makazi Tanzania, hupita karibu mita 14 kila sekunde? Dereva akishtuka tu, mita hizo zimekwisha. Michoro ya kivuko cha pundamilia haipunguzi mwendo, tuta hupunguza. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, ulioweka matuta, vivuko na njia za miguu kwenye shule za Dar es Salaam na miji mingine, ulishinda tuzo ya WRI Ross mwaka 2019.

Je, wajua kwamba treni ya SGR, reli ya kisasa, imesanifiwa kwenda kilomita 160 kwa saa, yaani karibu mita 44 kila sekunde? Ndiyo maana watu na ng'ombe huvushwa juu au chini ya reli. Kivuko kikiwekwa mbali na njia waliyoizoea, watatafuta upenyo.

Barabara za vijijini nazo zinasimamiwa na TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, simama uonyeshe watoto wanapovukia kwenda shule, kabla tuta halijawekwa pengine.