SAA YA BABU: MALI AU PAMBO TU? SOMA KABLA HUJAUZA!

Wadau, naandika kutoka Kasulo, Ngara. Naona vijana wengi sasa wanatafuta saa za mkono za zamani. Wengine wanazipenda tu, wengine wanaamini wakizifungia kabatini zitawatoa kimaisha. Mimi pia nazikusanya, na kwa kuwa watu wanaingizwa mjini kila siku, nimeona tuelimishane.

Kwanza, kwa nini saa moja iuzwe mamilioni na pacha wake akose mteja? Mwaka 2017 kule New York, Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman ilinadiwa kwa zaidi ya dola milioni 17. Mashine ya ndani ni ileile ya Daytona nyingine za toleo lake! Kilichopandisha bei ni mwenyewe aliyeivaa, na ushahidi kwamba ndo yenyewe. Hata Oman, miaka ya 1970 Sultani Qaboos aligawa zawadi za Rolex zenye alama ya jambia usoni. Leo hizo zinagombaniwa kuliko zisizo na jambia.

Sasa turudi kwetu, njia panda ya Benaco. Saa ya zamani unayoweza kukutana nayo huku ni Seiko 5. Ilianza kutoka 1963, haitumii betri, inajijaza kwa mwendo wa mkono. Ni ngumu kweli, lakini zilitengenezwa nyingi mno, kwa hiyo usitegemee utajiri hapo. Kabla hujatoa hela, angalia haya:

1. Mfuniko wa nyuma. Seiko huwa na namba mbili. Ile yenye kistari katikati, tarakimu nne za mwanzo ni aina ya mashine. Nyingine ni ya uzalishaji: ikianza na 75, ni mwezi wa 5 wa mwaka unaoishia na 7, yaani 1967, 1977 au 1987. Aina ya mashine ndo itakuambia muongo gani. Mfano, 7S26 ilianza 1996, hivyo ukiambiwa ni ya 1977, ondoka.

2. Uso. Ukiwa unang'aa kama wa jana wakati kasha limechakaa, huenda umepakwa rangi upya. Wakusanyaji wanaukwepa.

3. Mshale wa sekunde. Ukiruka mara moja kila sekunde, kwa kawaida ni saa ya betri. "Rolex ya zamani" ya mnadani ikifanya hivyo, mrudishie mwenyewe.

4. Muuzaji. Andikishianeni mbele ya shahidi, usije ukanunua saa ya wizi.

Kuhusu uwekezaji, tuambiane ukweli. Mbuzi anazaa, mgomba unatoa mkungu, saa haizai kitu. Tena kila baada ya miaka kadhaa inataka fundi aifungue, aisafishe na kuitia mafuta. Nunua kwa hela ambayo hutaitafuta ada ikifika.

Ila ya babu usikimbilie kuiuza kwa bei ya soda. Muulize angali hai: aliinunua wapi, mwaka gani, kwa kazi ipi? Andika, tunza na picha yake akiwa ameivaa. Siku ikiuzwa, hiyo karatasi ndo itakayoitofautisha na nyingine elfu. Isipouzwa, wajukuu watajua ilikuwa ya nani.

Nawasilisha.