Redio Yasema Uchumi Umeinuka. Je, Simu Yako Yasemaje?

Umeketi kwenye kibanda chako hapa Endarasha, na redio inatangaza kuwa nafasi za kazi zimeongezeka nchini. Unatupa macho barabarani: lori la viazi halijafika, na vijana wa kibarua bado wamesimama pale pale. Unajiuliza, hizo kazi ziko wapi? Na je, huu ndio wakati wa kukopa uongeze bidhaa?

Kabla hujabonyeza "kubali mkopo", hebu tuzisome hizo takwimu pamoja.

Namba zinasema nini?

Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, ndilo hupima ajira. Mwaka wa 2020 corona ilipoingia, ukosefu wa ajira ulipanda kutoka asilimia 5.2 katika miezi mitatu ya kwanza hadi asilimia 10.4 katika miezi mitatu iliyofuata. Kufikia mwisho wa mwaka ulikuwa umeshuka hadi asilimia 5.4. Ukiishia hapo, utasema mambo yalirudi sawa. Lakini shirika hilo hilo lilionyesha kuwa kazi zaidi ya 700,000 zilipotea mwaka huo.

Inawezekanaje? Jibu liko kwenye namna ya kuhesabu. Aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja ndani ya siku saba huhesabiwa kuwa ana kazi. Na aliyechoka akaacha kutafuta haingii kwenye kiwango hicho cha wasio na ajira. Kwa hivyo asilimia inaweza kushuka na mfuko ubaki mtupu.

Mkulima yuko wapi?

Kuna jambo jingine linalotuhusu sana sisi wa Kieni. Zile hesabu za kila mwaka za kazi zilizopotea au kuongezeka huwa hazijumuishi kilimo cha mashamba madogo wala ufugaji wa kuhamahama. Mwaka wa 2021 ziliripotiwa kazi mpya zaidi ya 900,000, nyingi zikiwa za juakali. Mwenye nusu ekari ya viazi na ng'ombe wawili hakuwa ndani ya hesabu hiyo. Habari ya redio inaweza kuwa kweli tupu, na bado isiwe habari yako.

Pima uchumi wako mwenyewe

Omba taarifa ya miamala yako ya miezi 12 au zaidi, kisha fanya hivi:

1. Tenga pesa ulizopata kwa jasho lako na zile za mkopo au za kutumiwa na jamaa. Mkopo ukiingia, salio hupanda, lakini hayo si mapato.
2. Linganisha mwezi na mwezi kama huo wa mwaka jana. Ukilinganisha msimu wa mavuno na msimu wa kupanda, utajidanganya.
3. Hesabu waliokulipa, si kiasi tu. Mteja mmoja mkubwa akihama, utabaki na nini?
4. Kumbuka bei. Ukipata asilimia 5 zaidi huku mbolea na unga vimepanda asilimia 10, umerudi nyuma.
5. Kama wewe ni wa kibarua, andika siku ulizofanya kazi kila wiki. Siku nne badala ya mbili, hapo kuna nafuu ya kweli.

Mapato yako yakiwa yamepanda miezi mitatu mfululizo ukilinganisha na mwaka jana, basi una msingi wa kufikiria mkopo, tena kwa kiasi ambacho hata mwezi mbaya utaweza kukilipa. Kama hayajapanda, ngoja kwanza. Redio haitakusaidia kulipa.

Na usisahau: mtu akikupigia akidai anataka kukutolea taarifa ya miamala, usimpe PIN yako. Sisi hatutakuuliza kamwe.