Mfundishe Kijana Kupiga Picha, Umfundishe na Ukweli Wake

Katika nyumba nyingi za Kasese na Bwera siku hizi haikosekani simu yenye kamera. Mara nyingi mtoto huijua simu hiyo kuliko baba yake. Hata hivyo, kujua kubonyeza si kujua kupiga picha, kama vile kushika kalamu si kujua kuandika. Kupiga picha ni elimu yenye kanuni zake, na kuitengeneza picha katika kompyuta ni elimu nyingine yenye kanuni zake pia. Kijana asiyefundishwa kanuni hizo anaweza kuutumia ujuzi wake kuwadhuru wenzake bila hata kukusudia.

Nafasi ya kufundisha ipo. Tangu Februari 2020 shule za sekondari nchini Uganda zimekuwa zikifuata mtaala mpya wa madarasa ya chini, ambao unawataka wanafunzi wafanye miradi kwa mikono yao. Asilimia 20 ya alama za mwisho hutokana na kazi zinazofanywa shuleni kabla ya mtihani wa taifa. Mwalimu wa sanaa akishirikiana na mwalimu wa kompyuta, somo la picha linaweza kuwa mradi mzuri. Ni kweli kwamba shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu, na katazo hilo lina sababu zake. Lakini simu moja au mbili za shule, zinazotunzwa ofisini na kutolewa wakati wa kipindi tu, zatosha kuwafundisha wanafunzi kwa zamu.

SOMO KUTOKA MLIMANI

Mwalimu wa Kasese hana haja ya kutafuta mfano mbali. Mwaka 1906 mpiga picha wa Italia, Vittorio Sella, aliupanda mlima Rwenzori pamoja na msafara wa Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa nchi hiyo. Wachukuzi wenyeji waliwabebea mizigo kupitia bonde la mto Mubuku. Kamera za siku zile zilikuwa kubwa na nzito, na mlima wenyewe hufunikwa na mawingu siku nyingi za mwaka. Mpiga picha hakuwa na budi kungoja kwa subira hadi kilele kijitokeze.

Subira ile imeleta faida hadi leo. Picha za Sella zinaonyesha barafu iliyotanda juu ya vilele. Wataalamu wanakadiria kwamba mwaka 1906 barafu hiyo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 6.5 hivi. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Mwaka 2012 mpiga picha wa Denmark, Klaus Thymann, alipanda mlima huo na kuzilinganisha picha za kale na hali aliyoikuta, na barafu imeendelea kupungua tangu hapo. Bila picha zile, ambaye angesimulia ukubwa wa barafu ya kale angeweza kudhaniwa kuwa anatia chumvi.

Zoezi kama hilo lawezekana bondeni pia. Mto Nyamwamba ulifurika vibaya Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, na hata Hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Wanafunzi wachague mahali salama pa kusimama, wapatie alama, na wapige picha ya mto kutoka hapo hapo kila mwezi. Katika daftari waandike tarehe, saa, jina la mahali na jina la mpiga picha. Baada ya miaka mitatu shule itakuwa na kumbukumbu yenye thamani kwa wilaya nzima. Picha isiyo na maelezo hugeuka fumbo mara tu wale waliokuwapo wanaposahau.

MWANGA KWANZA, MASHINE BAADAYE

Kabla ya kushika kamera, wanafunzi wafundishwe kuutazama mwanga. Kasese ipo karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, hufika utosini karibu saa saba mchana, na hutua karibu saa moja jioni. Picha ya mtu inayopigwa saa saba juani humtia kivuli cheusi machoni na chini ya pua. Yafaa kumsogeza kivulini, chini ya mwembe au barazani, au kungoja jua lipungue nguvu jioni.

Jambo la pili ni rangi ya ngozi. Kamera hupima mwanga wa eneo zima na kutafuta wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au mbingu angavu, kamera hupunguza mwanga, na uso wake huwa kama kivuli. Dawa yake ni kuigusa simu mahali penye uso ili ipime hapo, au kubadilisha mandhari ya nyuma. Yafaa wanafunzi wajue pia kwamba kwa miaka mingi maabara za filamu za rangi zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Wapiga picha wetu wa zamani walilazimika kuvumbua mbinu zao wenyewe.

Jambo la tatu ni kuchagua. Mwanafunzi apige picha tano tu za kitu kimoja: ya mbali, ya karibu, ya mikono, ya chombo cha kazi na ya uso. Mama anayeanika kahawa Bwera, au mchimba chumvi wa ziwa Katwe, anaweza kuelezwa vizuri kwa picha tano zilizofikiriwa kuliko kwa mia zilizopigwa ovyo.

KUITENGENEZA PICHA

Kompyuta ya shule inaweza kuwekewa programu ya GIMP, ambayo hailipiwi na hufanya kazi bila intaneti baada ya kuwekwa. Hatua za mwanzo ni hizi. Kwanza, tengeneza nakala na uiache picha halisi bila kuigusa. Pili, nyoosha picha iliyopinda. Tatu, kata pembeni kile kisichohitajika. Nne, rekebisha mwanga na rangi kwa kiasi. Tano, hifadhi kazi kwa jina jipya lenye tarehe. Isitumwe kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida picha inayokusudiwa kuchapwa, kwa kuwa njia hiyo huipunguzia ubora. Itumwe kama faili.

Lakini mpaka uwekwe wazi. Kuongeza mwanga ili uso uonekane ni halali. Kumwondoa mtu aliyekuwapo, au kumweka asiyekuwapo, katika picha inayodai kueleza tukio, ni uongo. Siku hizi akili mnemba inaweza kutengeneza uso wa mtu ambaye hakuzaliwa kamwe. Mwanafunzi anayetaka kubuni ana uhuru wa kubuni bango au jalada la kitabu, mradi aandike wazi kwamba picha hiyo imebuniwa.

Hata picha isiyoguswa yaweza kuficha mengi. Mwaka 2015 ziligunduliwa katika Shirika la Utangazaji la Uganda picha hasi zipatazo 70,000, nyingi za enzi ya Idi Amin, na baadhi zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019. Nyingi zinaonyesha sherehe, mikutano na hotuba. Waliouawa miaka ile hawaonekani. Mwanafunzi azoee kuuliza: nani aliipiga picha hii, kwa ajili ya nani, na ni nini kimeachwa nje?

HESHIMA NA USALAMA

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, karibu na Bwera, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Wazazi wa eneo hilo hawahitaji kuelezwa uzito wa picha. Picha ya mtoto akicheka katika sare ya shule ni hazina ya familia. Picha ya maiti yake inayozunguka katika simu za watu ni jeraha la pili. Kwa hiyo hii iwe amri ya kwanza ya darasa: picha ya marehemu au majeruhi haisambazwi. Ikiwa ni ushahidi, ipelekwe polisi na ibaki huko.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inadai ridhaa ya mzazi au mlezi pale habari za mtoto zinapokusanywa. Wanafunzi wazoee kuomba ruhusa, na kukubali wanapokatazwa. Kabla ya kwenda sokoni au mtoni, mwalimu amjulishe mwenyekiti wa kijiji na kituo cha polisi. Kambi, vizuizi vya barabarani na kituo cha mpakani visipigwe picha bila idhini.

Familia za askari zina jukumu la ziada. Simu nyingi huandika ndani ya faili ya picha mahali hasa ilipopigiwa. Picha ya mtoto akicheza mbele ya nyumba za kambi yaweza kumweleza adui asichopaswa kujua. Mzazi afungue mipangilio ya kamera leo, azime uandishi wa mahali, na amweleze mtoto sababu yake.

Ufundi huu unaweza kumpatia kijana riziki katika harusi, mahafali na studio za picha za pasipoti. Riziki hiyo itadumu ikiwa watu wanamwamini. Wazazi na walimu wakimpa kijana jicho la kuona, mkono wa kutengeneza na ulimi usiosema uongo, watakuwa wameipa jamii shahidi wa kutegemewa.