Muziki wa Kwenye Waya (3): Ujiji na Nyuzi Zinazotoka Kusini

Jumapili ya Mei 12, 2024 nilikuwa Ujiji, harusini kwa mpwa wangu. Kijana wa muziki aliandika jina la mwanamuziki Remmy Ongala kwenye simu yake, kisha sote tukakitazama kile kiduara kikizunguka. Kilizunguka mpaka pilau likaisha kwenye sinia. "Mjomba, mtandao umegoma," bwana harusi akaniambia, utadhani ufunguo wake ninao mimi. Habari nilizipata usiku, kwa redio: mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, imekatika upande wa Afrika Kusini.

Wasomaji tulioanza nao wanajua bando ni nini na wimbo hugeuzwaje kuwa tarakimu, sirudii. Leo nilipanga kueleza programu za kusikilizia. Lakini nikisikia waya umekatika kusini siwezi kunyamaza, maana Ujiji na nyuzi za kusini vina historia.

Mwaka 1892 Cecil Rhodes aliunda kampuni ya kupitisha waya wa telegrafu kutoka Rasi ya Afrika Kusini hadi Cairo. Waya ulipanda kupitia Nyasaland, Malawi ya leo, ukakutana na mpaka wa Wajerumani. Mwaka 1899 Rhodes alikwenda mwenyewe Berlin kumwomba ruhusa Kaiser Wilhelm, akapewa. Nguzo zikaendelea mashariki ya Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, mwanzoni mwa karne ya 20, na hapo ndipo mwisho. Rhodes alifariki 1902, kampuni ikavunjwa 1911, na Cairo bado wanausubiri waya wao.

Kwa watu wa ziwani waya haukuwa kitu kigeni. Stanley, aliyemkuta Livingstone hapa Novemba 1871, alieleza kwamba katika safari za bara shanga zilikuwa kama senti za shaba, nguo kama fedha, na waya, katika nchi za ng'ambo ya ziwa, ulihesabiwa dhahabu. Hebu mfikirie mvuvi aliyezoea hesabu hiyo: anaiona dhahabu imetandazwa juu ya nguzo, maili kwa maili, haina mlinzi, kisha anaambiwa hayo ni maneno ya wazungu yanapita. Na neno letu simu, kwa wasiojua, asili yake ni Kiajemi: sim, yaani fedha, na pia waya. Babu zetu walipiga simu kwa maana ya telegramu kabla ya kuweka kitu sikioni.

Ncha ya pili ya waya ule wa Rhodes ilishikwa na wengine. Na leo? Kijana wa mitaa yetu ya Mwanga au Gungu ananiambia ana nyimbo 3,000 "zake", wala hawezi kucheza hata moja waya ukikatika baharini asikowahi kufika. Ana nini huyo?

Nafasi imebana, kwa hiyo programu zenyewe kwa kifupi. Spotify ilifunguliwa Tanzania Februari 2021. Boomplay na YouTube mnazijua. Huko wimbo hukaa kwenye kompyuta za kampuni yenye programu, simu ikavuta vipande vichache mbele ya kile unachosikia. Kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja hula karibu MB 1. Video hula zaidi sana. Ukilipia Spotify unaweza kuhifadhi nyimbo, lakini zinafungiwa ndani ya programu hiyo, na simu isipogusa mtandao walau mara moja kila siku 30 hazichezi. Mdundo ya Nairobi hukupa faili lenyewe, ukaliweka kwenye kadi, likawa lako. Mimi ni mtu wa faili. COSOTA, walinzi wa hakimiliki, wasinikunjie uso: sisemi muibe, nasema mtunze.

Harusi iliokolewa na mama mkubwa. Alifungua pochi akatoa flashi iliyozungushiwa plasta nyeupe, imeandikwa kwa kalamu: ZILIPENDWA, USIFUTE. Ikachomekwa kwenye sabufa, na Remmy, mzaliwa wa Kindu huko ng'ambo ya ziwa mwaka 1947, akaingia ukumbini kwa gitaa. Kijana wa muziki aliomba aazimwe ile flashi hadi kesho yake. Mama mkubwa akamwambia zinauzwa sokoni, akanunue yake.