Kufasiri Neno "Keep" kwa Kilatini

Kilatini kiliingia Nyanda za Juu za Kusini kwa njia ya kanisa. Wamisionari wa Konsolata walifika Iringa mwaka 1919, wakafanya Tosamaganga kuwa makao yao. Upande wa Mbeya walifanya kazi Mapadri Weupe. Wamoravian wa Rungwe, waliotangulia tangu 1891, hawakuwa na haja nacho katika ibada. Lakini kwa Wakatoliki, mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliporuhusu mwaka 1963 matumizi mapana ya lugha za wenyeji, Misa ilisomwa kwa Kilatini, na aliyetaka upadri hakuwa na budi kukijua.

Mwanafunzi wa namna hiyo alikuwa na Kihehe au Kisafwa cha nyumbani, Kiswahili cha shule, kisha Kiingereza. Kilatini kilikuwa lugha yake ya nne. Akitumia vitabu vya Kiingereza, alikutana upesi na vitenzi vyenye maana nyingi, na keep ni mmojawapo wa vilivyo vigumu. Anayefungua kamusi na kuandika servare, kwa kuwa limetangulia, atapata sawa katika amri na katika ahadi (fidem servare), lakini atapotea kwingineko. Kuchunga kondoo ni pascere, kufuga ng'ombe, alere, kunyamaza, tacere, kulinda mlango, custodire.

Itaonekana kwamba maana ambazo Kiingereza kimezikusanya, Kiswahili kimekwisha kuzitenga. Kwa hiyo anayejiuliza kwanza angesemaje kwa Kiswahili amefika nusu ya safari. Nusu tu, kwa sababu Kiswahili nacho kina mikusanyo yake: kushika amri ni servare, kushika mkono ni tenere, na kushika mwizi ni comprehendere.

Tena kuna yule aliyezidi kuuliza. Kiingereza huongeza keep. Kilatini hutosheka na rogabat, au kikitaka kukaza, rogitabat, kitenzi kilichoundwa kwa ajili ya tendo la kurudiarudia. Anayesema "aliulizauliza" hahitaji kuelezwa sana jambo hili.

Faida iliyo kubwa zaidi imo katika maana ya kuzuia. Mwingereza asemapo kwamba fulani alimzuia mwenzake kutoka, sentensi yake haina ukanushi wowote. Kiswahili kina njia mbili: "alimzuia kutoka" na "alimzuia asitoke". Kilatini kinazo zote mbili: prohibuit eum exire kwa ya kwanza, na impedivit ne exiret kwa ya pili. Lile ne, ambalo mwanafunzi wa Kiingereza huliona kama ukanushi usio na sababu, ndilo -si- ya "asitoke", na kitenzi kinachofuata kimo katika hali ileile ya kutegemea.

Hapo hapo ndipo mtego ulipo. "Asitoke" haibadiliki: "anamzuia asitoke", "alimzuia asitoke". Kilatini hubadilisha kitenzi cha pili kwa kufuata wakati wa kile cha kwanza: impedit ne exeat, lakini impedivit ne exiret. Mwanafunzi aandikaye impedivit ne exeat kwa maana ya "alimzuia asitoke" hakukosea kwa uvivu. Amefuata kanuni ya Kiswahili kwa uaminifu. Mwalimu aliyezoea kutafuta asili ya makosa katika Kiingereza peke yake atalisahihisha kosa hilo kila juma, wala hataona lilikotoka.